UZI: Barabara kuu za Tanzania zilichorwa kwa ajili ya mzigo wa nani? Kutoka njia za misafara hadi lami

Njia Panda

Wakuu, habari za muda huu.

Ukiitazama ramani ya barabara kuu za Tanzania Bara, swali la kwanza ni kwa nini kwa miongo mingi lami ilikwenda mbali sana upande mmoja na kukosekana kabisa upande mwingine. Hoja yangu: kila kipande kirefu kilijengwa kufuata mzigo fulani uliokuwa unakwenda au kutoka bandarini. Kuunganisha mkoa na mkoa kumekuja kuwa lengo kuu juzi tu, kama miaka ishirini na kitu iliyopita. Nitaanza na ya kale, wengine waongeze.

Karne ya 19 njia kuu ilikuwa ya wapagazi: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Mbung'o (ndorobo) waliua punda na ng'ombe wa kubebea, kwa hiyo mzigo wote ulipita kichwani na mabegani. Njia ya mpagazi haihitaji upana wala kokoto. Inahitaji maji ya kunywa na chakula kila mwisho wa siku, ndiyo maana ilipinda kufuata visima na vijiji. Mwaka 1877 Waingereza wafadhili akiwemo William Mackinnon walianza kukata barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilikwama mwanzoni mwa miaka ya 1880, na ndorobo walichangia.

Wajerumani waliweka nguvu kwenye reli. Ya Tanga ilianza 1893 ikafika Moshi miaka ya 1911 na 1912. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Barabara zilikuwa njia za kupeleka mazao na askari kituoni, zikafyekwa kwa kazi ya lazima.

Waingereza waliikuta reli wakailinda. Lori lililokimbia sambamba na reli lilionekana linakula mapato ya serikali, kwa hiyo barabara zilizopewa kipaumbele ni zile za kulisha stesheni. Iliyotoka nje ya mkumbo huo ni Barabara Kuu ya Kaskazini: Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, Namanga. Hiyo ilikuwa sehemu ya ndoto ya Cape hadi Cairo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili misafara ya kijeshi ilipita hapo kutoka kusini kwenda Kenya. Kumbukeni mstari huo, maana tutaurudia.

Kalvati

Uzi mzuri mkuu. Naongeza Kusini, maana huwa inasahaulika.

Mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga wa 1947 hadi 1951 uliacha bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilipokufa, reli ikakosa mzigo, na miaka ya 1960 ikang'olewa. Reli ikiondoka kwenye eneo ambalo barabara zake zilichorwa kuilisha, zile barabara zinabaki zinaelekea mahali pasipo na kitu. Mtwara na Lindi zikabaki na bandari nzuri na njia ya udongo kwenda Dar es Salaam, tena yenye kivuko cha Rufiji katikati. Masika yakifunga, imefunga kwa miezi.

Na Songea je? Lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Kwa hiyo Ruvuma ilifunguliwa kwa kushikizwa kwenye barabara ya Zambia. Kutoka pwani ya Kusini haikufunguliwa kwa lami wakati huo.

Njia Panda

Sahihi kabisa Kalvati, na hiyo barabara ya Zambia ndiyo kiini cha yote.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith kule Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru wa upande mmoja. Shaba ya Zambia na mafuta yake vilikuwa vinapita huko. Ghafla Dar es Salaam ikawa mlango, na barabara ya kufika Tunduma, zaidi ya kilomita 900, ilikuwa kwa sehemu kubwa ya udongo na changarawe. Malori ya mafuta yalipita hivyo hivyo. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710, likaanza kazi 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kuanzia 1970. Lami nayo ikatandikwa vipande kwa vipande kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na wengine, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dar es Salaam na Tunduma zikawa zimeunganika.

Angalieni maana yake. Nchi changa ikapata bomba, lami na reli sambamba kwenye ushoroba mmoja ndani ya miaka kumi, huku Dodoma na Babati zikisubiri.

Mgeni wa Kondoa

Mkuu, hapo ndipo pananishangaza. Kama Barabara Kuu ya Kaskazini ilikuwepo tangu ukoloni, kwa nini lami ya Iringa–Dodoma–Babati imekuja juzi?

Njia Panda

Kwa sababu mzigo haukuwepo. Mzigo wa Arusha na Moshi ulishuka Tanga au Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze, na wa Iringa na Mbeya ulishuka kupitia Morogoro. Kila kitu kilikwenda pwani. Kati ya Iringa na Arusha hapakuwa na meli.

Matokeo yake ni haya: Dodoma hadi Arusha moja kwa moja ni kama kilomita 430. Aliyetaka lami tupu alishuka Morogoro, Chalinze, Segera, kisha akapanda Moshi, karibu maradufu. Mwanza ilikuwa kituko zaidi. Kabla ya ushoroba wa kati kukamilika, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mwanza yalipita Namanga, Nairobi, Sirari na Musoma. Mtanzania alihitaji hati ya kusafiria kwenda mkoa mwingine wa nchi yake. Vipande vya Dodoma–Manyoni (kilomita 127), Manyoni–Singida na Singida–Shelui–Nzega viliondoa aibu hiyo mwishoni mwa miaka ya 2000. Iringa–Dodoma, kilomita 260, ilifuata miaka ya 2010, na Dodoma–Babati, kilomita 251, ikazinduliwa Aprili 2018.

Mzani

Nakubaliana na historia, ila msisahau nusu ya pili: kilichojengwa miaka ya 1970 kilikufa miaka ya 1980. Fedha za kigeni hazikuwepo, greda zikakaa juu ya mawe kwa kukosa vipuri, lami haikuzibwa. Barabara ya lami haifi taratibu kwa mstari ulionyooka. Miaka kadhaa ya mwanzo unaona nyufa nyembamba tu, halafu maji yakishaingia kwenye tabaka la msingi inaporomoka kwa misimu miwili mitatu. Ukichelewa kuziba ufa, unakuja kulipa kufumua tabaka zima.

Na uzito wa ekseli ndio unaoongeza kasi. Usanifu wetu unahesabu ekseli ya kawaida ya kilo 8,160, na mwongozo wa usanifu wa 1999 unakadiria uharibifu kwa kuupandisha uwiano wa uzito kwa kipeo cha 4.5. Chukua ekseli ya tani 10 iliyopakiwa tani 13. Uzito umeongezeka kwa 30%, lakini 1.3 kwa kipeo cha 4.5 ni kama 3.3. Yaani safari moja ya lori hilo inaila barabara kama safari tatu na zaidi za lori halali. Ndiyo maana barabara iliyosanifiwa miaka 20 inaweza kuisha kabla ya nusu ya muda huo.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inasema hivi: ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, ekseli mbili pamoja tani 18, tatu pamoja 24, na jumla isizidi tani 56. Lori la tela lenye jumla ya ekseli sita kwa hesabu hiyo linaishia 8 + 18 + 24 = 50. Wengi wanakwama mizani wakiwa na jumla halali lakini kundi moja limezidi, kwa kuwa mzigo umerundikwa mbele ya tela na kuelemea ekseli za kichwa. Dawa ni kusogeza mzigo nyuma na kuufunga usitembee kwenye miteremko kama Kitonga. Na mwenye tairi moja pana badala ya mbili asihesabu tani 10. Yake ni 8.5.

Fundi Reli

Hapa ndipo ninapopingana na uzi kidogo. Mnasema mzigo ulichora barabara. Baadaye barabara ndiyo iliyonyang'anya reli mzigo. TAZARA na Reli ya Kati zilipodhoofika, tani zilihamia kwenye lami ambayo haikusanifiwa kuzibeba. Kuvunjika kwa barabara ya Tunduma si uzembe wa matengenezo peke yake.

Mzani

Hilo silikatai. Barabara inabeba mzigo wa reli mgongoni. Ila hata kwa mzigo huohuo, anayepakia ndani ya kipimo na anayezidisha hawaharibu sawa, na la pili ndilo tunaloweza kulidhibiti leo asubuhi bila kusubiri reli mpya.

Udongo Mweusi

Naomba nafasi kuhusu udongo, maana watu wengi wanamlaumu mkandarasi kwa kosa la ardhi, na wengine wanailaumu ardhi kwa kosa la msanifu.

Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kilikuwa cha mwisho kukamilika kwenye barabara ya Dar es Salaam–Lindi. Sehemu kubwa ya bonde lile ni udongo wa mfinyanzi wa mbuga. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka. Katikati ya barabara chini ya lami unyevu unabaki karibu uleule mwaka mzima, lakini kwenye mabega unapanda na kushuka. Kwa hiyo nyufa ndefu zinaanza mita moja hivi kutoka ukingoni, sambamba na barabara. Ukiziona hizo, usiseme mzigo. Hiyo ni ardhi inacheza.

Kinachofanya kazi: kwanza chimba na kuondoa udongo huo, kwa kawaida kina cha hadi mita moja, jaza kifusi kisichovimba. Pili, inua tuta na ulipe miteremko ya ubavuni iliyolala, 1:4 au zaidi, ili uzito wa kifusi ukandamize ukingo na kuzuia unyevu kubadilika haraka. Tatu, ziba mabega kwa lami, usiyaache changarawe. Nne, mtaro usiukate mguuni pa tuta. Uweke angalau mita 4 nje, au usiuweke kabisa kama maji yana pa kwenda. Na miti mikubwa isiachwe karibu, inafyonza maji upande mmoja na kuisinyaza ardhi.

Kosa la kawaida ni kubana bajeti kwenye hiyo mita moja ya kuchimba. Fedha unayookoa hapo unaitumia yote kwenye viraka, na kiraka juu ya udongo unaocheza hakidumu misimu miwili.

Mafuriko ni habari nyingine. Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara hiyohiyo ilikatika eneo la Somanga na kuitenga Lindi na Mtwara kwa siku kadhaa. Hapo tatizo lilikuwa uwezo wa makalvati na madaraja kupitisha maji. Kwa upande wa mto unahesabu eneo la kukusanya mvua lote, kuanzia milimani, halafu unaongeza magogo na mchanga yanayoletwa na mto.

Mgeni wa Kondoa

Asante wakuu. Sisi wa vijijini lami tunaisikia tu. Barabara yetu ilimwagwa changarawe, miaka mitatu imekuwa rasta (mawimbi ya kukatiza barabara) tupu. Greda likipita, wiki chache rasta zimerudi. Kosa ni nini?

Kalvati

Mkuu, rasta zinaletwa na changarawe isiyo na gundi ya kutosha. Udongo laini ukipungua, kokoto hazishikani, matairi yanazisukuma zinajipanga mawimbi. Ukizidi sana nao, masika inakuwa utelezi. Kwa hiyo kwanza pimeni machimbo, msimwage kila kifusi chekundu mkakiita changarawe.

Greda likikwangua juu na kujaza mabonde, limepaka rangi tu. Sehemu iliyo chini ya wimbi imeshindiliwa kwa nguvu kuliko iliyojazwa, kwa hiyo wimbi linarudi palepale. Njia sahihi ni kuchimbua kwa meno ya greda hadi chini ya kina cha rasta, kumwagia maji, kuchanganya, kurudisha mgongo wa barabara wenye mteremko wa 4% hadi 6% kila upande, kisha kushindilia udongo ukiwa na unyevu. Greda likifanya kazi Septemba kwenye vumbi kavu bila boza la maji, hela imepotea. Wakati mzuri ni mvua zinapoishia, ardhi ikiwa bado na unyevu.

Hesabu ya changarawe yenyewe: barabara ya upana wa mita 6, unene wa milimita 150, inataka mita za ujazo 900 zilizoshindiliwa kwa kila kilomita. Ikiwa imelegea ongeza kama 30%, inakuwa 1,170, yaani safari 78 za lori la mita 15. Changarawe inapotea kwa upepo, maji na matairi kati ya milimita 20 na 30 kwa mwaka kwenye barabara yenye magari ya wastani. Kwa milimita 25, ni mita za ujazo 150 kila kilomita kila mwaka. Baada ya miaka sita umebaki na udongo wa asili. Hiyo hata mkandarasi awe bora vipi.

Kinachorefusha maisha ni maji kutoka haraka. Mifereji ya kuchepusha itolewe kila mita 20 hadi 50, ielekezwe mashambani kwa makubaliano na wenye mashamba, la sivyo wataiziba usiku. Mteremko ukifika 5% weka vizuizi vya mawe ndani ya mtaro kila mita 20 hivi, na ukizidi visogeze vikaribiane, hadi chini ya mita 10 kwenye mteremko wa 10%. Kizuizi kisizibe mtaro mzima: katikati kiwe chini kuliko pembeni, maji yapite juu yake bila kukimbilia barabarani. Kalvati liwe na kifuniko cha udongo cha kutosha juu yake, kuta za mwanzo na mwisho, na sakafu ya mawe mahali maji yanapotokea. Makalvati mengi hayavunjiki kwa lori. Yanachimbwa chini na maji yanayotoka kwa kasi, bomba la mwisho linaning'inia, viungo vinaachana, halafu tuta linazama.

Mama Ruaha

Naomba kuuliza kuhusu alama ya X inayochorwa kwenye nyumba za kando ya barabara. Kuna nyumba zimewekwa nyekundu na nyingine kijani barabara hiyohiyo. Wengine walipelekwa pale na serikali wakati wa vijiji vya ujamaa.

Njia Panda

Swali zito mama, na kihistoria lina mizizi. Miaka ya 1970 vijiji vingi viliwekwa makusudi kando ya barabara ili huduma ziwafikie watu. Wakati huo upana wa hifadhi ya barabara kuu kwa ujumla ulihesabiwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hadi mita 30 kila upande. Kwa hiyo aliye ndani ya 22.5 anahesabiwa amevamia na anapata X nyekundu. Aliye kati ya 22.5 na 30 anapata ya kijani: atalipwa fidia eneo likihitajika. Kuna sehemu zenye upana wa pekee, kama barabara ya Morogoro maeneo ya Kimara, ambako hifadhi ilifika mita 121.5 kila upande, na bomoabomoa ya 2017 pale ilitokana na hilo.

Mwenye nyumba ya kijani asibomoe kabla ya kuthaminiwa. Na mwenye nyekundu aliyehamishiwa pale na serikali atafute kumbukumbu za kijiji na za wilaya zinazoonyesha kijiji kilianza lini, maana hoja ya nani alitangulia kati ya barabara na kijiji inategemea tarehe. Kwa maoni yangu nchi ina deni kwa watu hao, kwa sababu dola ileile iliyowapanga ndiyo iliyopima.

Mzani

Turudi kwenye matengenezo, maana bila fedha haya ya Kalvati ni hadithi. Mwanzo wa miaka ya 1990 ulikuja mpango mkubwa wa barabara wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na Mfuko wa Barabara ukaanza. Sheria ikarekebishwa 1998 ili fedha zisimamiwe na bodi. TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ikaanza tarehe 1 Julai 2000. Mfuko unatokana hasa na tozo kwenye lita ya mafuta. Sheria inataka angalau 90% iende kwenye matengenezo, na kwa miaka mingi mgao ulikuwa 70% barabara kuu na za mikoa, 30% halmashauri.

TARURA ilianza 2017 kuchukua barabara za halmashauri: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Tazameni uwiano: TANROADS ina zaidi ya kilomita 36,000, TARURA zaidi ya 140,000, nyingi za udongo. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya TARURA. Ilisaidia, lakini ukigawa kwa kilomita, bado barabara ya Mgeni wa Kondoa inapata makombo.

Fundi Reli

Na vivuko? Sehemu kubwa ya kuunganisha nchi ilikuwa kuondoa vivuko.

Kalvati

Kweli. Rufiji ilipata Daraja la Mkapa 2003, mita 970, na hapo ndipo Kusini ilipofunguka kweli. Umoja, mita 720 juu ya Ruvuma kule Mtambaswala, 2010. Malagarasi 2015. Kilombero, mita 384, 2018. Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria, kilomita 3, likafunguliwa Juni 2025 kwa zaidi ya shilingi bilioni 700. Wami hapakuwa na kivuko, ila daraja la 1959 lilikuwa la njia moja chini ya mteremko mkali pande zote mbili. Jipya la mita 513.5 lilitumika kuanzia 2022, limepandishwa juu ya bonde ili magari yasishuke shimoni kabisa.

Kuhusu Kigongo–Busisi tofauti ni hii: kivuko kinabeba kwa awamu, kwa hiyo foleni ya malori inakua hata kama magari si mengi. Daraja linaondoa kusubiri, lakini pia linaruhusu malori yote kupita mfululizo, kwa hiyo barabara za pande zote mbili, Usagara na Sengerema, zitapokea ekseli nyingi kuliko zilizohesabiwa wakati wa kivuko. Hesabu za magari zirudiwe mapema kabla nyufa hazijaanza.

Mgeni wa Kondoa

Nimeelewa wakuu. Sasa nikitaka barabara yetu iangaliwe, niende TANROADS au TARURA?

Njia Panda

Angalia kwanza barabara imewekwa kwenye kundi gani. Kama inaunganisha makao ya wilaya na mkoa, au wilaya na wilaya, mara nyingi ni ya mkoa, ipo TANROADS. Kama inatoka kijijini kwenda makao ya kata au barabara kubwa, ni TARURA, ofisi ipo wilayani. Peleka barua kupitia serikali ya kijiji na diwani kabla bajeti ya mwaka haijafungwa, taja jina la barabara, kilomita ngapi hadi ngapi, na sehemu korofi moja moja: kalvati lililozama, kona inayoteleza, mto usiopitika. Omba sehemu korofi zitengenezwe kwanza badala ya changarawe barabara nzima. Fedha ya kilomita tatu za changarawe ikiwekwa kwenye makalvati na mitaro ya sehemu tano korofi inaweza kufanya kilomita kumi na tano zipitike mwaka mzima, na wahandisi wa wilaya wanalipokea ombi la namna hiyo kwa urahisi zaidi kwa sababu linaingia kwenye kiasi walichonacho.